Misimu 38 chuo kimoja: kazi ya kocha wa tenisi vyuoni Marekani huendaje?

MstariWaPembeni ameuliza:

Wakuu, heshima kwenu. Kwenye mjadala wa Angella Okutoyi, mchezaji tenisi wa Kenya, kwenda chuo cha Auburn Marekani kuna mdau aligusia kwamba kocha wa tenisi wa chuo kikuu Marekani anaweza kukalia kiti kimoja miaka thelathini na zaidi. Akamtaja Dick Gould wa Stanford: misimu 38, mataji 17 ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo Marekani. Huku kwetu kocha wa mpira akimaliza msimu mzima bila kutimuliwa watu wanampongeza, kwa hiyo naomba wanaoijua kazi hii watufungue macho.

Mataji hayo ni kazi ya kocha kweli, au ukishaitwa Stanford wachezaji wanajileta wenyewe? Kazi ya kila wiki ikoje, maana timu yenyewe ni watu wanane hadi kumi tu? Mtu wa Afrika Mashariki anaingiaje humo? Na mzazi mwenye mtoto anayecheza vizuri akiona kocha amekaa chuoni miongo miwili, achukulie ni heri au ajue mbinu zake zimechacha?

Tafadhali, majibu yenye nyama. "Ni juhudi na nidhamu" tumeshasikia sana.

---

Bekihendi_Mkono1 amejibu:

Mkuu, la kwanza linajibiwa na tarehe. Gould alipokabidhiwa timu ya wanaume mwaka 1966, Stanford ilikuwa chuo cha heshima darasani, lakini tenisi ilikuwa mali ya Los Angeles. Kuanzia 1960 hadi 1971 kila taji la taifa lilikwenda USC au UCLA, na 1972 likachukuliwa na Trinity ya Texas. Kijana mwenye kipaji wa California alikuwa na vyuo viwili akilini, na Stanford haikuwemo. Kwa hiyo hoja ya "wachezaji wanajileta" haisimami kwa miaka ile ya mwanzo. Gould mwenyewe ni mhitimu wa Stanford, na kabla ya hapo alikuwa akifundisha karibu na palepale: shule ya sekondari ya Mountain View, kisha chuo cha miaka miwili cha Foothill. Hakutokea mbali, na hakuja na jina.

Taji la kwanza lilipatikana 1973. Hapo katikati alimpata Roscoe Tanner kutoka Tennessee, mtumia mkono wa kushoto mwenye sevu nzito ajabu, halafu Sandy Mayer. Tanner ndiye aliyebadilisha mazungumzo. Mchezaji wa kiwango kile akishavuka nchi nzima kuja kwako, kijana wa pili na wa tatu hawaulizi tena "kwa nini Stanford?" 1972 Tanner na Mayer wakachukua ubingwa wa wawili wawili. 1973 Mayer akachukua wa mchezaji mmoja mmoja, na ule wa wawili wawili akiwa na Jim Delaney, na timu ikatwaa taji. 1974 John Whitlinger akafanya vilevile, mmoja mmoja na wawili wawili. Shikeni jina hilo la Whitlinger, litarudi.

Sasa tazameni miaka yote 17: 1973, 1974, 1977, 1978, 1980, 1981, 1983, 1986, 1988, 1989, 1990, 1992, 1995, 1996, 1997, 1998, 2000. Tangu taji la kwanza hadi la mwisho hakuna mahali ambapo palipita zaidi ya miaka mitatu kati ya taji na taji. Mchezaji wa chuo hucheza miaka minne. Maana yake kila aliyekaa miaka yake minne kamili ndani ya kipindi hicho aliondoka na taji la timu angalau moja. Kwangu mimi hesabu hiyo ina uzito kuliko 17 yenyewe, kwa sababu ndiyo kocha anayoweza kuiweka mezani mbele ya mzazi.

Mfano mzuri wa ugumu wa kazi ni John McEnroe. Alifika chuoni vuli ya 1977 akiwa ameshacheza nusu fainali ya Wimbledon mwaka huohuo. 1978 akachukua ubingwa wa mmoja mmoja kwa kumshinda John Sadri wa NC State, timu ikachukua taji, naye akaenda kucheza kulipwa. Mwaka mmoja tu. 1979 taji likaenda UCLA. Kocha anayetegemea nyota hapo huanza upya. Stanford ikarudi 1980 na 1981, na 1981 Tim Mayotte akawa bingwa wa mmoja mmoja. Ina maana wakati McEnroe yuko chuoni, kocha alikuwa tayari anasajili watu wa kuziba nafasi ambayo alijua itabaki wazi.

Wako wengine: Dan Goldie 1986, Jared Palmer 1991, Alex O'Brien 1992, Bob Bryan 1998, Alex Kim 2000. Kwa jumla mabingwa 10 wa mmoja mmoja. Alipoachia timu 2004 rekodi yake ya mapambano ilikuwa kushinda 776 na kupoteza 148.

---

Korti_Namba_6 amejibu:

Naongezea sahihisho dogo kwa mdau hapo juu, maana watu hulinganisha mataji ya enzi tofauti kana kwamba ni kitu kimoja. Hadi 1976 taji la timu la NCAA halikuwa likishindaniwa timu kwa timu. Wachezaji waliingia mashindano ya mmoja mmoja na ya wawili wawili, kila ushindi ukaleta pointi kwa chuo, mwisho zikajumlishwa. Ukiwa na wachezaji wawili hatari na jozi moja nzuri unaweza kuwa bingwa hata kama waliobaki ni wa kawaida. 1977 ndipo yalipoanza mapambano ya timu dhidi ya timu kwa mtoano. Gould alishinda 1977 mfumo mpya ulipoanza, akashinda tena 1978. Kwa hiyo mataji 15 kati ya 17 ni ya mfumo mgumu zaidi.

Mfumo wenyewe kwa sasa uko hivi. Pambano lina pointi 7, anayefika 4 kwanza ameshinda. Kwanza jozi tatu huingia viwanjani kwa wakati mmoja, kila jozi seti moja ya gemu 6. Ukishinda jozi mbili kati ya tatu unapata pointi moja, basi; jozi ya tatu husimamishwa. Kisha mechi sita za mmoja mmoja, kila moja pointi moja, seti mbili kati ya tatu. Ikifika 40 kwa 40 hakuna adivanteji, inapigwa pointi moja tu ya kuamua na mpokeaji ndiye anayechagua upande.

Angalieni kitu hapo: mchezaji namba 6 analeta pointi ileile anayoleta namba 1. Hapo ndipo timu nyingi zenye nyota huanguka. Kocha anatumia fedha na muda wake wote kumpata namba 1, halafu anapoteza namba 4, 5 na 6 kila wikiendi. Stanford ya 1998 iliyomaliza 28 bila kupoteza ilikuwa na mapacha Bob na Mike Bryan pamoja na Paul Goldstein, ambaye alikuwa kwenye kikosi cha ubingwa miaka yake yote minne, 1995 hadi 1998. Mpinzani alikuwa akitafuta pa kupenyea haoni.

Na usidhani kocha anaweza kuchezea mpangilio. Kanuni zinataka wachezaji wapangwe kwa uwezo wao, wa kwanza hadi wa sita. Kumficha mtu mzuri chini ili ajizolee pointi rahisi ni kosa, na timu pinzani ina haki ya kupeleka malalamiko. Kwa hiyo kocha mzoefu hutunza kumbukumbu za mechi za majaribio ndani ya timu, tarehe na matokeo, ili akiulizwa kwa nini fulani yuko namba 3 awe na karatasi ya kuonyesha. Makocha wapya huliona hili kama urasimu mpaka siku ya kwanza ya malalamiko.

Makosa mengine ya siku ya pambano:

Kukaa korti namba 1. Kocha wa chuo anaruhusiwa kuongea na mchezaji kati ya pointi na pointi, tofauti na tenisi mliyoizoea kwenye televisheni miaka yote ile. Sasa kocha mgeni hujibanza pale kwa nyota wake, ambaye aidha anashinda mwenyewe au anapigwa na mtu bora kuliko yeye. Pambano linaamuliwa korti namba 4 au 5, seti ya tatu, na hakuna mtu wa benchi pale. Gawaneni: msaidizi achukue tatu za chini, kocha mkuu azunguke kufuata matokeo.

Kudharau pointi ya wawili wawili. Ukiipoteza unatakiwa ushinde mechi nne kati ya sita. Ukiipata, tatu zinatosha. Seti moja ya gemu 6 bila adivanteji haina muda wa kujirekebisha, ukivunjwa sevu (ukipoteza gemu unayosevu wewe) mara moja mapema unaweza kuwa umekwisha. Jozi zinazofaa si lazima ziwe za namba 1 na namba 2. Tafuta mwenye mapokezi ya sevu ya kuaminika, muunganishe na anayejua kukaa wavuni. Gould alijulikana kwa tenisi ya kushambulia, sevu na kupanda wavuni, na vijana waliokua hivyo hawafundishwi upya namna ya kucheza wawili wawili.

Kubaki na watu sita tu wazima. Ukiwa na watano tu walio fiti, kila mtu husogea juu na nafasi ya sita unaigawa bure. Kabla mpira haujapigwa uko nyuma kwa moja.

---

Mzee_wa_Neti amejibu:

Naona uzi umekuwa wa Stanford peke yake. Ukitaka kujua ukocha wa muda mrefu bila fedha za kusajili, msome Steve Wilkinson wa Gustavus Adolphus, chuo kidogo kule St. Peter, Minnesota, kwenye baridi ambayo nusu ya msimu lazima uwe ndani ya jengo. Divisheni ya Tatu, daraja la chini la NCAA, hairuhusu ufadhili wa michezo hata senti. Alifundisha kuanzia 1971 hadi 2009, akaacha na ushindi 929, na mataji ya taifa ya divisheni hiyo 1980 na 1982. Mwaka 1977 yeye na mkewe walianzisha kambi za kiangazi za tenisi palepale chuoni. Kocha wa chuo kidogo akijua kazi hufanya hivyo: kambi inamwongezea kipato, inawapa wachezaji wake ajira ya kiangazi, na kijana wa miaka 14 anayekuja kambini huyajua mazingira ya chuo miaka minne kabla ya kuomba nafasi. Huo ndio usajili wa asiye na skolashipu.

Na Georgia. Dan Magill alifundisha pale Athens kuanzia 1955 hadi 1988, ushindi 706, mataji mawili ya NCAA, 1985 na 1987. Akamwachia Manuel Diaz kutoka Puerto Rico, aliyekuwa mchezaji wake na kisha msaidizi wake, naye akakaa hadi 2024 na kuongeza mataji manne: 1999, 2001, 2007, 2008. Makocha wawili tu kwa karibu miaka 70.

Sasa mrudishe Whitlinger aliyetajwa juu. Ndiye aliyemrithi Gould 2004 baada ya kuwa msaidizi wake muda mrefu, na 2014 akafuata Goldstein wa kikosi cha 1998. Upande wa wanawake palepale Stanford, Frank Brennan alishinda mataji 10 kati ya 1980 na 2000, akamwachia msaidizi wake Lele Forood, mwanafunzi wa zamani wa chuo, naye akashinda 10 mengine. Sehemu hizi hazitangazi kazi na kusubiri wasifu kutoka nje. Mrithi yuko benchini miaka kumi kabla, anawajua wafadhili kwa majina, anawajua makocha wa vijana mikoani.

Ubaya wake nao upo, tusiseme uongo. Chuo kinachorithishana ndani kikikosea mtu kinakaa na kosa hilo miaka mingi, kwa sababu kumwondoa mtoto wa nyumbani ni kazi.

---

MstariWaPembeni:

Asanteni sana wazee wangu. Bado naomba la kazi ya kila wiki na fedha. Na nani analipa hayo yote ikiwa tenisi ya chuo haiuzi tiketi kama futiboli yao?

---

Nyuzi_na_Raketi amejibu:

Kaka, wiki ya kocha imefungwa na kanuni ya saa 20. Ndani ya msimu mwanafunzi hawezi kutumikishwa kwa shughuli za lazima za timu zaidi ya saa 20 kwa wiki, saa 4 kwa siku, na lazima apate siku moja ya mapumziko. Nje ya msimu ni saa 8. Siku ya pambano huhesabiwa saa 3 hata kama mmecheza kuanzia saa nne asubuhi mpaka jioni, na safari haihesabiwi. Kwa timu inayocheza Ijumaa na Jumapili ratiba inayokaa vizuri ni hii: Jumatatu mapumziko. Jumanne, Jumatano na Alhamisi saa 3 uwanjani na saa 1 ya mazoezi ya nguvu, jumla 12. Ijumaa 3. Jumamosi saa 2 nyepesi, sevu na mapokezi. Jumapili 3. Jumla 20 kamili, hakuna hata dakika ya kuchezea.

Wanapokosea ni kwenye video. Kikao cha kutazama mechi ni saa zinazohesabika. Kadhalika mazoezi yanayoitwa "ya hiari" huku kocha akiandika nani kahudhuria. Hiyo siyo hiari na mkaguzi wa kanuni wa chuo anajua.

Vifaa. Mchezaji wa kiwango hiki akitumia nyuzi za poliesta anazikata, au zinakufa kabla hazijakatika. Raketi moja inakula kama mita 12 za uzi, roli la mita 200 linatoa raketi kama 16. Kadiria wachezaji 10, raketi mbili mbili kwa wiki: mita 240. Roli limekwisha kabla ya Ijumaa na bado. Kwa hiyo mashine ya kufunga nyuzi iwepo chuoni, na mtu wa kuifanya kazi hiyo ajulikane. Mara nyingi ni kocha msaidizi, usiku. Mipira nayo, katoni ina makopo 24 ya mipira mitatu, na ya mazoezi inapoteza presha haraka, ukiiacha kikapuni mwezi mzima wachezaji wanazoea mdundo wa uongo kisha siku ya pambano kopo jipya linawapita.

Fedha sasa. Kwa miaka mingi Divisheni ya Kwanza iliruhusu ufadhili 4.5 tu kwa timu ya wanaume, unaogawanyika, na 8 kamili kwa wanawake. Kocha wa wanaume alikuwa mpiga hesabu. Mfano: wawili asilimia 100, watatu asilimia 50, wawili asilimia 40, mmoja 20. Jumlisha: 2 + 1.5 + 0.8 + 0.2 = 4.5. Ukimwongezea namba 3 wako asilimia 10 lazima uzitoe kwa mwenzake. Sasa msimu wa 2025-26 ukaja na mabadiliko: vyuo vilivyoingia kwenye makubaliano ya mahakama ya 2025 havina tena kikomo cha ufadhili, vina kikomo cha idadi ya wachezaji, ambacho kwa tenisi ni 10. Lakini kuruhusiwa kutoa 10 siyo kuwa na fedha za 10. Mchezaji anayeongea na kocha aulize bajeti ya timu hiyo, siyo kanuni ya NCAA.

Nani analipa? Futiboli na mpira wa kikapu, pale zinapoleta faida, pamoja na ada na wafadhili. Ndiyo maana tenisi hukatwa mapema bajeti ikibana. Mwaka 2020 Iowa na Minnesota zote zilitangaza kufuta tenisi ya wanaume. Stanford nayo ilitangaza kufuta michezo 11 mwaka huohuo, ikaghairi 2021, na tenisi haikuwemo kwenye orodha hata mara moja. Hapo ndipo kazi ya Gould isiyopigwa picha inapoonekana. Alikuwa mchangishaji hodari wa fedha za uwanja na programu, na 2004 alipoacha timu hakwenda nyumbani, akawa mkurugenzi wa tenisi wa chuo. Kocha wa namna hiyo anaandika barua za shukrani kwa mkono, anawajua wahitimu wa miaka ya sabini na watoto wao, na anahakikisha siku ya pambano mfadhili ana kiti cha kivulini. Mimi nasema miaka 38 ilijengwa hapo sawa na ilivyojengwa kortini. Kocha anayejua mipira tu hukaa mitano.

---

Pwani_Tenisi amejibu:

Nichukue swali la kuingia. Kwa kocha wa kwetu, cheti cha ITF (shirikisho la kimataifa la tenisi) peke yake hakifungui mlango wa chuo cha Marekani. Kinasaidia, lakini mwajiri anataka shahada ya kwanza, na chuo kinataka mtu mwenye ruhusa ya kufanya kazi. Njia inayopitika ni ya msaidizi mwanafunzi: unaomba shahada ya uzamili, timu inakuchukua kama kocha msaidizi, malipo yako ni ada na posho ndogo, unaingia kwa viza ya mwanafunzi F-1. Baada ya kuhitimu kuna kipindi cha mwaka mmoja cha kufanya kazi inayohusiana na ulichosoma, na kubaki zaidi ya hapo lazima chuo kikuombee viza ya kazi. Vyuo vidogo vingi haviingii gharama hiyo. Kwa hiyo chagua somo la uzamili linalolingana na kazi, kama uongozi wa michezo au sayansi ya mazoezi, siyo chochote kilichopatikana. Waandikie Divisheni ya Pili, NAIA (chama kingine cha michezo ya vyuo) na vyuo vya miaka miwili kwanza. Huko kocha mkuu mmoja mara nyingi anashika timu za wanaume na wanawake pamoja, na msaidizi anahitajika kwelikweli.

Kwa mchezaji njia ni fupi zaidi, na wametangulia watu. Okutoyi, Mkenya wa kwanza kutwaa taji la vijana la Grand Slam, Wimbledon 2022 ya wawili wawili akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, alikwenda Auburn. Guy Orly Iradukunda wa Burundi aling'ara Florida State. Tatizo la ukanda wetu ni namba. Makocha hutazama UTR, yaani namba ya kimataifa inayopima kiwango cha mchezaji, na timu kubwa za wanaume mara nyingi zina watu wa 12 hadi 14. UTR inahesabu mechi zako zisizozidi 30 za miezi 12 iliyopita na inategemea umecheza na nani. Ukizunguka na wapinzani walewale kumi wa mjini, ambao nao hawajatoka nje, namba haipandi hata kama umeimarika. Tafuta mashindano ya ITF ya vijana, J30 na J60 (madaraja ya chini), yanapofanyika kwenye ukanda wetu, kwa sababu huko unakutana na wageni wenye namba zilizokwisha kupimwa.

Barua kwa kocha iwe na vitu hivi: mwaka wa kumaliza shule, UTR au WTN (namba ya ITF ya namna hiyohiyo), matokeo matatu au manne yenye majina ya wapinzani, alama za darasani, na familia inaweza kulipa kiasi gani kwa mwaka. Hilo la mwisho Waswahili tunaona haya kuliandika. Liandike. Kocha anapanga asilimia, akikosa tarakimu anakwenda kwa anayeitoa. Video iwe ya dakika 5 hadi 10, kamera nyuma ya mstari wa mwisho na juu kidogo ya uzio, pointi mfululizo bila kukata, zikiwemo ulizopoteza. Muziki toa. Pointi nzuri zilizounganishwa hazimwambii kocha unafanya nini ukiwa nyuma 2-5.

Mtego mkubwa ni tarehe. Divisheni ya Kwanza ya NCAA inaruhusu mchezaji wa tenisi miezi sita tu baada ya kumaliza sekondari kabla ya kujiunga na chuo; ukipitisha huku unacheza mashindano unaweza kupoteza mwaka wa kucheza. Kwenye mifumo ya mitihani miwili, Tanzania na Uganda, usidhani tu kwamba saa inaanza kuhesabiwa baada ya kidato cha sita. Fungua akaunti Eligibility Center, ofisi ya NCAA inayothibitisha sifa za wachezaji, mapema, wapelekee vyeti, wakujibu kwa maandishi. Wanahitaji pia masomo 16 ya msingi. Mtihani wa SAT waliuondoa kwenye masharti yao 2023, ila chuo chenyewe kinaweza kuudai, na mtihani wa Kiingereza uko palepale. Zawadi za fedha kwenye mashindano: kanuni zake zimekuwa zikipingwa mahakamani, kwa hiyo tunza risiti za nauli, hoteli na kocha, na usipokee chochote kabla ya kusoma kanuni ya mwaka huo.

---

Bekihendi_Mkono1 amejibu:

Limebaki la mzazi. Muda mrefu wa kocha peke yake haukuambii kitu, fungua orodha za wachezaji za miaka minne mfululizo kwenye tovuti ya timu. Fuata majina ya mwaka wa kwanza: wangapi wapo bado mwaka wa nne? Siku hizi kuhama chuo ni rahisi, kwa hiyo mmoja au wawili kuondoka ni kawaida. Wakiondoka nusu kila mwaka kwa kocha yuleyule, una jibu. Pili, tazama wachezaji wapya walioanza namba 6 au nje ya kikosi kama walipanda hadi namba 3 au 2. Kocha anayekuza watu anaonekana hapo, siyo kwenye namba 1 aliyemnunua tayari amekomaa.

Tatu, muulize kocha uso kwa uso mkataba wake unaisha lini na msaidizi wake yupo tangu lini. Siyo utovu wa adabu, kule linaulizwa. Kocha aliyekaa chuoni miaka 25 anayetarajia kustaafu mtoto akiwa mwaka wa pili si tatizo kama mrithi yupo benchini.

---

Korti_Namba_6:

Na ya nne, mkuu: uliza ahadi ya ufadhili ni ya mwaka mmoja unaofanyiwa mapitio au ni ya miaka minne. Zote mbili zipo. Pata barua yenye saini kabla mtoto hajakataa vyuo vingine, maana kauli ya kocha kwenye simu haikilazimishi chuo, hata angekuwa na mataji 17.